Kipande cha Chuma Ndani ya Chaja

Nabwire mwanangu,

Uko Sigalame unamuaga kukhu, nyanya yako, na ninavyomjua hatakuachilia kabla hujala ukashiba na ukalazimishwa kula tena. Kwa hiyo nina mchana mzima wa kuandika. Duka nimelifunga nusu. Mteja mmoja ameshachungulia mara mbili na chaja yake mkononi, nikamwonyesha kwa kidole kwamba aje kesho. Kesho utakuwa njiani kwenda Lodwar na mimi nitakuwa na siku nzima ya kumpimia.

Sitakuandikia juu ya neti ya mbu, wala maji ya kunywa, wala namna ya kuishi na mwenye nyumba. Hayo tumeyasema mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Kuna jambo jingine ambalo nimejaribu kukuambia kwa mdomo miaka mingi na mdomo ukakataa. Nilijaribu ulipomaliza darasa la nane, nikaishia kukununulia viatu. Nilijaribu tena juzi, wakati tunafungasha zile kompyuta ndogo unazopeleka shuleni. Ulikuwa umepanga chaja zake mezani. Ulichukua moja moja, ukasoma maandishi ya mgongoni, ukanusa, ukakunja waya pale unapoingilia. Mbili ukazitenga. Nikakuuliza zina nini, ukasema, "Hizi zinadanganya, mama." Ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikatoka nje kana kwamba kuna mtu ameniita.

Sijui unakumbuka Malaba kiasi gani. Ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa na chumba cha kulala nyuma, na mbele yake chumba kingine chenye mlango wa mabati, kikitazama barabara ya malori. Hicho ndicho kilikuwa ofisi. Baba yako alikuwa na kazi Isiolo, anakuja Agosti na Krismasi. Siku hizo foleni ya malori ilikuwa inasimama siku mbili, hata tatu, na madereva walifua nguo zao wakazianika kwenye vioo vya pembeni, wakapika ugali kwenye kivuli cha magurudumu. Ulikuwa unajua lori la Rwanda na la Kongo kabla hujajua kusoma. Foleni ikianza kusogea, injini zote zikawashwa pamoja, vikombe vyetu vililia mezani na wewe ulikuwa unavishika vyote kwa mikono miwili ili vinyamaze. Nikipita Malaba siku hizi bado nasikia vile vikombe.

Na Amoit unamkumbuka. Hilo sihitaji kukisia.

Tulisoma naye uhazili Bungoma, meza moja, tukigombania mashine ya chapa ambayo herufi zake zilikuwa hazijachakaa. Alikuwa Mteso wa Chakol, mrefu, na akicheka alianzia puani. Tulipoamua kufungua ofisi yetu mpakani, watu walisema Msamia na Mteso hawatamaliza mwaka. Tulimaliza mitatu. Tuliandika barua za madereva waliopoteza makaratasi, mikataba ya mashamba, maombi ya kazi, ratiba za mazishi zenye picha ya marehemu mbele. Yeye alikuwa na vidole vyepesi, mimi nilikuwa na mdomo wa kuongea na wateja. Asubuhi kabla wateja hawajaja alikupakata akakufundisha kupiga chapa, kidole kimoja kimoja, na ukimaliza jina lako lote anapiga makofi kama uko kanisani. Watoto wake walimwita Toto, kwa sababu kwa Kiteso toto ni mama, na wewe ukamwita hivyo hivyo. Kuna dereva Mtanzania aliyekusikia akacheka mpaka akakaa chini.

"Sasa hapa nani toto?" akauliza.

"Mimi," Amoit akamjibu. "Huyu mdogo ndiye mwenye ofisi. Mwamkie."

Kompyuta yetu ilikuwa moja tu, ile ndogo ya kufunga na kufungua, tuliyoinunua ikiwa imetumika. Betri yake ilikuwa imekufa kitambo, kwa hiyo iliishi kwa chaja peke yake. Chaja ikichomoka, kompyuta inazima papo hapo. Mwaka wa tatu panya wakatafuna waya wa chaja ile ya asili, na fundi wa jirani akasema haifai tena kuunganishwa. Nikaenda mimi na kompyuta kutafuta nyingine. Karibu na daraja kulikuwa na mtu anayetandaza vitu vyake kwenye turubai: redio, simu, nyaya, chaja za kila aina. Akachagua moja, akaingiza ncha yake kwenye kompyuta yetu, ikaingia vizuri. Nikaipima kwa mkono. Ilikuwa nzito, na nilikuwa nimesikia kwamba chaja bandia ni nyepesi. Nikarudi ofisini nikiwa mshindi.

"Ingekuwa vizuri tuionyeshe fundi kwanza," Amoit alisema.

"Fundi wa nini? Hebu shika usikie uzito."

Akashika. Akasema ni nzito kweli. Mimi nikahesabu kwamba amekubali.

Siku chache baadaye mshale kwenye kioo ukaanza kuruka wenyewe. Kompyuta ikawa inazima tukiwa katikati ya kazi, hasa kazi nzito, na tukiiacha ikae tu haizimi. Ukigusa ubavu wake wa chuma ulisikia mchomo mdogo kwenye kidole, kama siafu. Na chaja ilikuwa na sauti. Amoit aliinama siku moja akaisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto mgonjwa. "Hii kitu inalia," akasema. Nikamwambia chaja zote zinalia, zisipolia hazifanyi kazi. Sijui nilitoa wapi hekima hiyo. Niliisema tu kwa sababu chaja nilikuwa nimeinunua mimi.

Ijumaa alikuwa anabeba kompyuta kwenda nayo Chakol ili amalize kazi za wikendi. Tulikuwa tumekubaliana hivyo tangu mwanzo, kwa sababu mimi nilikuwa na wewe na hukuwa unanipa nafasi. Jumatatu moja akafika amekumbatia mfuko kifuani badala ya kuubeba begani. Ofisini kulikuwa na madereva wawili, na mzee mmoja wa Amukura aliyekuja kuchukua ratiba ya mazishi ya ndugu yake. Mazishi yalikuwa Jumatano, na kazi yote ilikuwa ndani ya ile kompyuta.

"Mama Nabwire, imezima," Amoit akasema. "Jana mchana. Nimejaribu mpaka leo asubuhi, haiwaki."

"Imezima vipi?"

"Yenyewe. Nilikuwa naandika, kukawa na harufu, ikazima."

"Harufu ya nini? Watoto wamemwaga uji?"

"Watoto walikuwa kanisani na dada yangu."

"Kwa hiyo imejiua."

"Sijui imefanya nini. Nakwambia vile nimeona."

Mwanangu, hapo ningeweza kunyamaza. Mzee alikuwa ananitazama, madereva wananitazama, na mimi nilikuwa naiona ofisi yetu yote imelala ndani ya ule mfuko. Nikasema kwamba kitu cha ofisi hakipaswi kulala kwenye nyumba ya udongo, kwenye stima ya kuombwa kwa jirani. Nilisema kwa sauti ya kusikika nje. Nilikuwa nimekula kwenye nyumba ile. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda chake siku mvua ilipotukamata, na yeye akalala chini na watoto wake.

Mzee wa Amukura akavua kofia, akaanza kuichunguza ndani.

Amoit hakupandisha sauti. Alitoa ufunguo wa ofisi kwenye ile kamba aliyoivaa shingoni, akauweka juu ya printa. "Siku ukijua kilichoizima, kwetu unapajua," akasema. Akatoka. Ulikuwa kwenye ngazi ya mlango unaosha mwanasesere wako, akakushika kichwa alipopita, kidogo tu.

Jioni ile uliniuliza Toto amekwenda wapi. Nikakuambia amepata kazi Tororo. Nilichagua Tororo kwa sababu iko ng'ambo na ungeona ni mbali. Basi kwa miezi mingi ulikuwa unasimama mlangoni ukitazama watu wanaovuka kutoka Uganda, na mara moja ulimuuliza askari wa mpaka kama amemwona. Askari alinisimulia akicheka. Nilicheka naye.

Nikapata kompyuta nyingine, na ile chaja iliingia vizuri, kwa hiyo nikaendelea nayo. Nayo ikafa. Sasa hakukuwa na Amoit wala nyumba ya udongo, na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ameniachia mkosi. Mimi, mtoto wa katekista, nilikaa nikaamini hivyo wiki nzima, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuangalia ile chaja iliyochomekwa ukutani.

Mtu akanielekeza kwa fundi Isabirye, upande wa Uganda wa Busia. Nikapanda gari mpaka Busia, nikavuka kwa miguu na kompyuta zote mbili kwenye kikapu, chini ya mboga, kama mwizi. Isabirye alikuwa Msoga wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Nikaanza kumweleza habari za kompyuta. Hakuzigusa.

"Nnyabo," akaniita, yaani mama kwa lugha ya kwao, "lete chaja kwanza. Mgonjwa unauliza kwanza anakula nini."

Akachukua mita, akagusa ncha ya chaja. Mita ikasoma volti kumi na tisa, sawasawa na ilivyoandikwa mgongoni. "Umeona?" nikamwambia. "Haina neno."

Akacheka. "Hapo haina kazi. Hata mimi nikikaa bila kazi niko mtu mzuri sana. Ngoja tuipe mzigo."

Akaunganisha balbu mbili za lori. Zikawaka nyekundu, hafifu, na mita ikaanguka mpaka kumi na moja. Ikapanda ghafla ishirini na tatu, ikaanguka tena. Ile sauti ya kulia ikaanza, na hapa kwenye meza tulivu niliisikia vizuri jinsi Amoit alivyoisikia. Baada ya dakika chache Isabirye akaniambia niiguse. Sikuweza kuishika.

Kisha akaikata kwa msumeno mdogo. Ndani kulikuwa na vitu vichache vya kusikitisha, na nafasi tupu, na kwenye nafasi ile tupu kulikuwa na kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi. Hakikuunganishwa na waya wowote.

"Hii ni ya kazi gani?" nikauliza.

"Ni ya mkono wako," akasema. "Huyu aliyetengeneza, alijua utapima kwa mkono."

Nilikaa kwenye kile kibao chake nikiwa na chuma kile kiganjani. Yeye akaendelea na kazi, akazifungua kompyuta, akasema zote mbili zimekufa mahali pamoja, pale umeme unapoingilia. Akasema ya kwanza ilivumilia sana. Lakini vitu vilivyohifadhiwa ndani havikuwa vimeungua, akavitoa akaniwekea. Zilikuwamo kazi zetu zote. Ilikuwamo ratiba ya yule mzee, ambayo nilikuwa nimeiandika upya kwenye ofisi ya watu wengine nikikosea jina la mjane. Na ilikuwamo kazi moja ambayo sikuijua. Nilipoifungua nikaona ni Kiteso. Kurasa arobaini na kitu. Kiteso changu ni cha sokoni, lakini nilitambua jina la babake Amoit, ambaye alikuwa amefariki mwaka ule, na majina ya ng'ombe wake, na Chakol, na mto. Alikuwa ameyarekodi maneno ya babake kabla hajafa, na alikuwa anayaandika Jumapili mchana, akishamaliza kazi za ofisi. Siku ile alipoingia na mfuko kifuani alikuwa amepoteza zaidi yangu, na hakulitaja hata kwa neno moja.

Hapo ndipo ufundi wangu ulipoanzia. Nilifunga ofisi ya Malaba, tukahamia Busia, na kila asubuhi nikishakupeleka shule nilivuka kwenda kukaa na Isabirye. Yote ninayojua, na yote niliyokufundisha bila kukuambia yalikotoka, ni yake. Kwamba kuingia si kufaa, ncha inaweza kuingia kwenye tundu na bado iwe sumu. Kwamba volti lazima zilingane na zile inazotaka kompyuta, lakini ampea zikizidi si kitu, ubaya ni zikipungua. Kwamba kompyuta ikizima watu huilaumu kompyuta, kwa sababu ndiyo inayoonekana ikianguka. Kwamba chaja ya asili iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa, hata ikiwa na mikwaruzo, ni afadhali kuliko mpya isiyojulikana mama wala baba. Na kwamba chaja mbaya huitupi hivi hivi, unakata waya wake vipande vipande, maana wapo wanaookota jaani na kuuza tena. Wateja husema, nenda kwa Mama Nabwire, yeye atakuambia ukweli hata kama hutaki. Nawasikia. Huwa nainama kwenye droo nitafute kitu ambacho hakimo.

Kwa sababu ukweli wenyewe niliujua kwa robo saa, kwenye meza ya Isabirye. Kutoka Busia hadi Chakol ni safari fupi, chai ya kwenye chupa haipoi njiani. Ilinichukua miezi minane. Nilisema nitakwenda mvua ikipungua. Nikasema nitakwenda wakishavuna. Zile kurasa nilizichapisha, nikazifunga kwa mpira, nikaziweka chini ya godoro, na kila nilipotandika nilizigusa.

Na ndani ya miezi hiyo minane kuna siku moja, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Ilikuwa siku ya soko hapa Busia. Ulikuwa na miaka minane, umevaa sweta ya shule, unabeba nyanya. Tulikuwa tunapita wauza mihogo mikavu. Ukasimama, ukapiga kelele, "Toto!" Mwanamke mmoja akageuka. Alikuwa na gunia miguuni na kitambaa cha buluu kichwani. Akakutazama. Akafungua mdomo. Nami nikakushika mkono nikakuvuta kati ya watu mpaka nyanya zikaanguka.

Ukaniambia, "Mama, yule ni Toto." Nikakuambia si yeye. Ukasema ni yeye, ameniangalia. Nikakuambia Toto yuko Tororo, yule ni mtu mwingine anayefanana naye, na si vizuri kupigia kelele watu usiowajua. Ukatembea kidogo. Halafu ukasema, "Nilidhani ni yeye." Ukaomba msamaha, mwanangu. Wewe, ukaniomba mimi msamaha.

Alikuwa yeye. Hukukosea. Macho yako yalikuwa mazima, na mimi nikakufanya uamini mdomo wangu ukayaacha.

Wiki ile ile nikaenda Chakol. Si kwa ujasiri. Nilikuwa siwezi kulala. Nilimkuta anamenya mihogo mbele ya nyumba, ile ile. Akanisalimu kwa Kiteso, "Yoga," akanipa kigoda, akaendelea kumenya. Nikaweka kile chuma kwenye mkeka, na zile kurasa kando yake, nikamweleza kwa sentensi nilizozikatakata: chaja, Isabirye, balbu za lori, kwamba ilikuwa chaja yangu, kwamba alinionya. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia kuhusu nyumba, kwamba nilichosema kuhusu nyumba yake hakikuwa na chaja ndani yake, kilikuwa changu mwenyewe. Nilipima chaja kwa uzito na rafiki yangu nikampima kwa ukuta wa udongo.

Chuma hakukigusa. Alipangusa mikono, akachukua kurasa, akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti ya chini, kwa Kiteso, mpaka kuku wakaja wakala maganda na hakuna aliyewafukuza. Kisha akauliza, "Uliyapata lini haya?"

"Machi."

Ilikuwa Novemba.

"Machi," akasema. Hilo tu. Nimeambiwa maneno makali maishani, lakini hakuna lililonikaa kama mwezi ule.

Baadaye akasema, "Na mtoto? Aliniona sokoni. Nilimwona akiniona."

"Nilimwambia si wewe."

Akaweka kurasa chini. "Mimi nimekusamehe," akasema. "Usiende ukasema Amoit alikataa. Lakini yule mtoto ulimnyang'anya macho. Kamrudishie. Mpaka siku hiyo mimi siji kwako, na yeye usimlete hapa. Sitaki anisalimie akiwa hajui."

Nilimwahidi kwamba nitakuambia wiki hiyo hiyo. Miaka kumi na mitatu imepita. Nimekuwa nikienda, hujui. Ulipodhani nimekwenda Bumala kuchukua mizigo, mara nyingine nilikuwa Chakol. Nilikuwepo tulipomzika dada yake. Nilikuwepo mwanawe wa kwanza alipooa. Kila mara, nikishanyanyuka kuondoka, ananiuliza, "Umemwambia?" Na mimi ninasema bado. Miaka ya karibuni haulizi sentensi nzima. Anasema tu, "Bado?"

Utataka kujua kwa nini. Sina jibu la kupendeza. Mwanzoni nilisema wewe ni mdogo. Halafu ukakua ukawa mtu wa kusema mbele ya watu kwamba mama yako hasemi uongo, na nilipenda sana kuwa mama huyo. Kila mwaka uliopita ulikuwa sababu mpya ya kungoja mwaka mwingine. Sikuambii haya ili unisamehe kabla hujaondoka. Kasirika. Una haki ya kwenda na hasira yako Lodwar na kuiweka mahali unapotaka, na ukikaa mwezi hujanipigia simu nitajua ni kwa nini na sitakutumia watu.

Ila jambo moja ningependa ulichukue. Umekuwa mtu wa kujishuku. Nimekuona, unapima kitu mara tatu, unapata jibu lile lile mara tatu, na bado unaniuliza, "Mama, naona sawa?" Watu husema ni unyenyekevu. Mimi najua ulianza siku gani. Juzi ulipozitenga zile mbili ulinitazama kidogo ukingoja nikubali, na mimi nikatoka nje. Basi nakujibu sasa. Nilizipima ulipokwenda kuoga, kwa balbu. Ulikuwa sahihi kwa zote mbili. Waya wake nimeukata.

Alhamisi nilikwenda Chakol. Amoit ana mvi sasa, na kiuno kinamsumbua, lakini bado anacheka kuanzia puani. Nikamwambia Nabwire amepata kazi, anakwenda kuangalia kompyuta za shule huko Turkana. Alifurahi mpaka akawaita majirani. Kisha akanitazama, hata hakuuliza.

"Nitamwandikia," nikasema. "Mdomo umeshindwa."

"Kuandika ni sawa," akasema. "Si ndiyo ilikuwa kazi yetu?"

Kwa hiyo barua hii nitakupa mkononi jioni, ukirudi, uisome kabla ya safari. Pikapu itakuja saa kumi na mbili asubuhi kukuchukua wewe na masanduku ya kompyuta. Itapita Chakol. Amoit amesema atakuwa kando ya barabara, pale boda wanaposimama, upande wako wa kushoto. Sijamwahidi chochote kwa niaba yako. Nimezungumza na dereva, amekubali kusimama dakika kumi. Ukitaka kushuka, shuka. Ukiona huwezi, kaa kwenye kiti chako na umwambie dereva aendelee. Nilimuuliza Amoit atafanya nini ukipita bila kusimama. Akasema atakuwa ameona jinsi ulivyokua, kisha atarudi nyumbani kumwagilia sukuma zake.

Mama yako.